Chumba cha Watatu Grenada

Aliyefikwa na haya si mtu wa kusikia kwa watu. Ni jirani yetu wa Ibra, huku Uarabuni, Ghaniya binti Khalfan, mwalimu wa hesabu, mwanamke ambaye ukimwambia umeona jini atakuuliza jana ulikula nini. Mwaka 2004 alikuwa na miaka hamsini, mjane, anaishi peke yake, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe wa pekee afariki alikuwa na jambo la kulingojea kwa furaha. Alikuwa anakwenda kutembea Grenada.

Wazo lilikuwa la mdogo wake, Najla, naye mjane, aliyekuwa akikaa Bidiya, mwendo wa nusu saa kwa gari. Alikuja Jumatano moja mchana, Ghaniya katoka skuli, wali uko jikoni unapaliwa. Mkononi alikuwa na kijitabu cha picha. Kisiwa kidogo upande wa pili wa dunia, katika bahari ya Karibi. Milima ya kijani. Wanawake wameketi bandani wanachagua kungumanga. Ghaniya aliuweka mwiko akasoma mpaka wali ukaanza kuungua.

Hawa ndugu wawili walitolewa Unguja wadogo, Ghaniya ana miaka kumi, Najla sita. Mwaka 1993 walikwenda kuitazama nyumba yao Malindi. Wenye kukaa mle waliwakaribisha vizuri, wakawapa maji ya kunywa, wakayanywa wakiwa wageni kwenye baraza ya baba yao. Ghaniya aliporudi alisema Unguja basi, hatokwenda tena. Najla alilijua vizuri donda lile, na ndipo alipoweka kidole.

"Huko hakuna aliyetufukuza, dada," alimwambia. "Tutanusa karafuu bila ya kulia."

Neno lile lilimwingia Ghaniya. Kwa wiki sita hakuwa na mazungumzo mengine. Alichukua atlasi ya skuli na rula akapima kibla ya Grenada iko upande gani. Alinunua kofia pana ya ukili, akaijaribu mbele ya kioo, akajicheka. Alitaka kujua samaki wa kule wanapikwaje, na kama ndizi mbichi zinapatikana. Walipanga waondoke Julai, skuli zikifungwa, wiki mbili, hoteli ndogo karibu na ufuo, chumba kimoja cha vitanda viwili ili wapate kupiga soga kama walivyokuwa watoto.

Tikiti na hoteli walimwachia Harub, kijana mwenye ofisi ya safari pale mjini. Siku moja akampigia Ghaniya simu.

"Abla, hoteli wamejibu," alisema; mwalimu wa kike huku huitwa abla. "Chumba cha watatu kipo."

Ghaniya akamwambia wao ni wawili. Harub akafunua karatasi zake. Akasema kwa adabu kwamba yeye ameandika watatu kwa sababu siku waliyokuja walikuwa watatu. Abla, khala Najla, na yule binti. Binti gani? Yule aliyekaa kiti cha nyuma ya khala Najla, kajifunika, hakusema neno. Harub alimletea maji, hakuyagusa. Alikuwa akimtazama khala Najla kisogoni muda wote.

Ghaniya alimkemea kama anavyokemea wanafunzi, akamtaka asahihishe. Lakini alipompigia Najla amsimulie ili wacheke, Najla hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kama Harub aliuona uso wa yule binti.

Sasa, mama yao kina Ghaniya aliwaachia ada moja. Anayevuka bahari huaga walio hai na waliokufa. Ukienda Maskati huagi makaburini, wala Dubai kwa gari. Lakini ukivuka bahari unapita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, kisha unawaendea wafu wako, unawasomea Fatiha na kuwaambia kwamba unaondoka. Walipokwenda Unguja walifanya hivyo. Na safari hii Ghaniya alikuwa na wa kumuaga, maana Shahad wake alizikwa pale pale Ibra.

Shahad alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka kumi na saba. Alikwenda kwa khala yake Najla kule Bidiya kumsaidia kumuuguza Muadh, mwana wa Najla, aliyekuwa taabani kwa maradhi ya damu, hata madaktari wamekata tamaa. Asubuhi Shahad alikuwa anafua. Jioni ya pili yake aliletwa kwa mama yake ndani ya sanda. Najla ndiye aliyemwosha, peke yake, kasema dada yake hana nguvu za kuona. Na wiki ile ile Muadh akainuka kitandani akaomba uji. Watu wakasema Mungu katoa huku kaweka kule, na Ghaniya akaridhika hivyo. Kwa miaka minane, kila baada ya sala, alimwombea dua mdogo wake kwa kumsitiri mwanawe.

Wiki ya mwisho Najla alimuuliza mara tatu kama ameshakwenda kumuaga Shahad. Mara ya tatu akamletea kikaratasi, akamwambia ni maneno mazuri ya kuagia, kapewa na bibi mmoja, asome yote wala asikatishe. Ghaniya akakitia mkobani bila ya kukitazama. Alimwamini. Ni mdogo wake, kamlea mgongoni.

Alikwenda Alkhamisi baada ya alasiri. Makaburi ya Ibra hayana majina, ni mawe tu, la kichwani na la miguuni, lakini mama anajua. Hapakuwa na mtu. Jua limeinama, mawe yanatoa joto. Alisoma Fatiha akafungua kikaratasi.

"Shahad binti Ghaniya," alisoma, "nimekuaga."

Akasita. Shahad alikuwa binti Zakariya. Mtu huitwa kwa baba yake. Kwa mama huitwa kwenye kitabu cha mganga tu. Akatazama mstari unaofuata. Ulisema: sikudai, hunidai, baki ulipo, usirudi.

Nyuma yake changarawe ililia. Hatua moja. Ya pili. Zikasimama.

Harufu ikamjia. Moshi wa kuni. Jasho. Jasho la mtu wa kazi ya shokoa, anayelazimishwa bila ya ujira.

Ghaniya hakugeuka. Alitazama chini. Jua la alasiri lilikuwa limetandaza kivuli chake juu ya mawe, kirefu. Pembeni yake palikuwa na kivuli kingine. Kile cha pili kilikuwa na mzigo kichwani.

"Usiniage, mama," sauti ilisema, chini chini, karibu na sikio. "Nikiagwa sirudi tena."

Ghaniya alijikaza akauliza nani kamtenda hivi.

"Muulize aliyeniosha."

Akageuka. Mawe matupu mpaka ukutani.

Barabara ya Bidiya aliipita bila ya kujua anaendesha. Alimkuta Najla chumbani kafungua sanduku, anakunja nguo za safari. Najla alikitazama kile kikaratasi mkononi mwa dada yake, akamtazama usoni, akajua.

"Umesoma?" aliuliza.

"Neno la kwanza."

Najla akakaa kitandani, juu ya nguo alizozikunja. Alisema yote, na alisema taratibu, bila ya kujitetea, nadhani alikuwa amechoka kuyabeba. Kulikuwa na mtu nyuma ya majabali, mzee wa mashamba makubwa ya mitende, watu wakisema mashamba yale hulimwa na wasioonekana. Walioghibishwa, wenyeji huwaita mughayyab. Sisi Unguja tukiwaita misukule. Najla alimwendea kwa ajili ya Muadh. Yule mzee akamwambia damu hulipwa kwa damu ya karibu. Akataka ushungi wa msichana, jina lake na jina la mama yake.

"Ulimwosha," Ghaniya alisema. "Ulimwosha mwanangu kwa mikono yako."

"Niliosha gogo la mtende, dada. Watu wote walimwona Shahad. Mimi nililiona gogo."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na mmoja tu."

"Na mimi nilikuwa na mmoja tu."

Hapo Ghaniya alisikia kitu kinamkatika ndani. Kufiwa alikuwa ameshakuzoea. Hiki kilikuwa kingine. Ni zile dua. Miaka minane ya dua alizomwombea huyu, mikono juu, machozi yanamtoka, akimshukuru Mungu kwa kumpa ndugu mwema. Alitamani angeweza kuzirudisha moja moja.

Na bado palikuwa na zaidi. Yule mzee alikuwa amekufa Shaabani. Walioghibishwa nao walibaki bila ya bwana, wengine wameanza kutembea, kila mmoja anatafuta kwao. Shahad alianzia kwa Najla. Alikuwa akija kila siku saa ya chakula cha mchana, anakaa pembeni ya mkeka, hali, hasemi, anamtazama tu. Najla akamwendea mtoto wa yule mzee, aliyerithi vitabu. Akaambiwa mughayyab hufungika milele akiagwa na mama yake mzazi kwa kinywa chake mwenyewe. Asipoagwa, siku moja ataujua mlango wa kwao.

Lakini mama atamuaga vipi mwana aliyekwisha kumzika? Najla alikuna kichwa, akakumbuka ada ya mama yao. Ndipo akatafuta bahari ya kuvuka. Ndipo akatafuta kisiwa chenye karafuu. Kofia ya ukili, kibla, soga za vitanda viwili, kila kilichomfurahisha Ghaniya wiki zile sita kilipikwa ili yeye akasimame pale makaburini na kumfungia nje mwanawe.

"Malizia kusoma, dada," Najla alinong'ona, machozi yanamtoka. "Nakuomba. Sipati kumeza tonge."

Ghaniya alikichana kile kikaratasi vipande vidogo, akaondoka bila ya kuaga.

Najla alisafiri peke yake. Khofu ilimfanya asiweze kukaa; alidhani bahari mbili zitamtosha kujificha. Alivaa buibui lake jipya, Muadh akampeleka uwanja wa ndege Seeb, akapanda. Ghaniya yeye alibaki Ibra. Kila mchana aliacha mlango wazi na sahani ya pili mkekani.

Siku ya nne simu ililia. Huku ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni.

"Dada," Najla alinong'ona. "Nimefunga mlango. Nimefunga madirisha."

Ghaniya aliisogeza simu sikioni.

"Yupo. Alikuwa amekaa kitanda cha pili. Leo si kama siku zote, dada. Leo amesimama." Pumzi ilimkatika. "Mwite arudi. Wewe atakusikia."

Ghaniya ameapa kwamba hakutaka kumlipiza. Alikuwa mama tu, na mwanawe yuko upande wa pili wa waya. Hakufikiri jengine lolote. Alisema maneno mawili.

"Mpe simu."

Upande wa pili kitu kiligonga sakafu. Kisha ikaja pumzi nyingine, nzito, ya mtu ambaye amebeba mizigo miaka mingi.

"Shahad," Ghaniya alisema. "Mama yupo nyumbani. Njoo."

Simu ikakatika.

Hoteli waliuvunja ule mlango siku ya pili. Ulikuwa umefungwa kwa ndani. Sanduku lilikuwepo, pasi ya safari ilikuwepo, viatu vilikuwepo vimepangwa. Najla hakuwepo. Walitafuta ufuoni na milimani, Muadh mwenyewe akaenda akakaa mwezi, akarudi na sanduku la mama yake. Mpaka leo yu mzima, hajambo, hajui chochote, na akija kumwamkia khala yake, Ghaniya humwitikia marahaba huku akitazama pengine. Ghaniya alimlilia Najla. Usidhani hakumlilia.

Lakini kabla ya hayo, mchana wa siku ile ile ya simu, Ghaniya alitoka uani kuanua nguo zake. Palikuwa na nguo moja ambayo hakuianika yeye. Lilikuwa buibui jipya jeusi, lile Najla aliloondoka nalo. Limefuliwa, linachuruzika maji. Ghaniya alionja tone moja, likawa chumvi. Alilipima begani kwake akaona limepunguzwa urefu, pindo limekunjwa na kushonwa upya kwa mkono, limekaa sawa sawa kwa mtu mfupi kuliko Najla, kimo cha Shahad. Sindano yenye uzi mweusi ilikuwa bado imechomekwa upindoni, na ilikuwa ya moto, kama iliyotoka mkononi mwa mtu sasa hivi.