Udongo wa Mlangoni

Mume wangu husema na miche. Nakwambia mapema ili usije ukamshangaa. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya kitalu chetu, huchukua ndoo ya kumwagilia na kupita mstari kwa mstari.

"Mmeamkaje?" huiuliza michungwa midogo.

Mimi nikifagia uani humchokoza. "Imekujibu nini leo?"

"Inauliza chai imefikia wapi," hujibu bila kugeuka.

Hiyo ndiyo kazi yetu. Tunakaanga udongo kwenye pipa ili wadudu wafe. Tunaujaza kwenye mifuko myeusi, tunapanda mbegu za limau, kisha miche ikishakua tunabebesha vikonyo vya chungwa tamu, vijiti vya kushikana na shina la mlimau. Mteja wetu mkubwa ni wifi yangu, dada yake mume wangu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka.

Marehemu mama mkwe wangu alituachia desturi moja. Mlangoni petu kuna mchungwa wa zamani, ambao yeye mwenyewe aliupanda. Mche ukiondoka kwetu, unaondoka na udongo wa chini ya mti ule, kiasi cha ngumi, umefungwa kwenye kitambaa. Ukifika, udongo huo unatangulia kuingia shimoni. "Ili mche usijione mgeni," alikuwa akisema. Anayefunga vitambaa hivyo ni mimi.

Mpaka wenyewe hatukuujali. Ulikuwa mti mrefu uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu, umenyanyuliwa juu miaka nenda miaka rudi, hata ndege wakajenga kiota penye ncha yake. Nchi zetu mbili zilikuwa katika jumuiya moja ya biashara. Ulikuwa unapunga mkono, unapungiwa, unapita.

Kisha nchi yetu ikajitoa kwenye jumuiya. Tulisikia redioni. Sokoni kila mtu akasema lake. Wengine walisema hata salamu zitatozwa ushuru.

"Hayo ni mambo ya malori," mume wangu aliniambia. "Nani atahangaika na miche?"

Nilimwamini, maana nilitaka kumwamini. Mwaka ule wifi yangu alikuwa na shida kubwa. Miti yake ya zamani iligeuka manjano, ikakauka mmoja baada ya mwingine. Ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe tangu afiwe na mume. Akakodi kipande kingine cha ardhi upande wa pili wa barabara, akachimba mashimo mia mbili, akatungoja. Mvua zilikuwa zimeanza. Miche isipoingia ardhini kabla hazijakatika, mwenye ardhi, aliyetaka kipandwe msimu ule ule, atakichukua kipande chake, na wifi yangu atabaki mikono mitupu.

Basi tukapakia miche mia mbili kwenye mkokoteni wa punda, kila mmoja na fungu lake la udongo, tukaenda.

Ule mti ulikuwa umeshushwa. Kiota walikuwa wamekihamishia kwenye paa la ofisi. Afisa wa upande wa pili alitoka, akautazama mzigo.

"Karatasi, mzee."

"Karatasi gani? Mimi ni yule yule wa kila mwaka."

"Wewe ni yule yule," afisa alisema kwa upole. "Masharti ndiyo mapya." Akafungua fungu moja. "Na hiki nini?"

"Udongo wa nyumbani."

Alilifunga tena taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga. "Udongo hauingii kabisa. Na miche haiingii bila cheti cha afya ya mimea. Samahani, mzee. Rudini nayo."

Ng'ambo, hatua kama thelathini, wifi yangu alikuwa amesimama kwenye ukungu na jembe lake. Akaita, "Kaka, kuna nini?"

Mume wangu, mtu wa kusema hata na miche, aligeuza punda. Roho iliniuma kwelikweli.

Mchana ule alijilaza kitaluni, kati ya mistari, akapitiwa na usingizi. Nilipomwamsha alikuwa akitabasamu.

"Nimeiota miche," alisema. "Ilitoa miguu kwenye mifuko, ikajipanga mstari mmoja. Ikavuka kwenye ukungu, kila mche na fungu lake kichwani. Hakuna aliyeizuia."

"Ilifika?"

"Sijui. Umeniamsha."

Wazo la njia ya panya lilikuwa langu. Sitaki kumsingizia mtu. Nilimwambia, "Kule mpakani penye kijito hakuna ofisi wala afisa. Tukipita alfajiri, tutakuwa kwa wifi kabla ya chai." Aliokota ndoo, akamwagilia mstari mzima. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Alfajiri tukapakia tena. Tulikuwa tunakaza kamba ya mwisho jirani yetu alipotokea kwenye ukungu na khanga yake begani. Tunamwita Mama Mihuri. Alikuwa karani wa forodha miaka mingi, na sasa huwasaidia wafanyabiashara wadogo kujaza fomu.

"Mnahamia wapi?" aliuliza.

"Tunaipeleka miche kijitoni ikanywe maji," nilisema.

"Yote mia mbili imeshikwa na kiu kwa pamoja?"

Akapanda akakaa juu ya mkokoteni. Mama Mihuri akikaa, punda hasogei. Ikabidi tumweleze yote.

Hakutugombeza. Alisema, "Sikilizeni. Zamani nchi zetu zilikuwa kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Mgeni alikaguliwa kwenye lango la ua, basi. Ndani mlizunguka mtakavyo. Sasa tumejitoa. Kila nyumba ina mlango wake, na kila mwenye nyumba anauliza: unaleta nini, kimetoka wapi, ni kizima?"

"Miche yangu ni mizima," mume wangu alisema.

"Naamini. Lakini afisa haoni moyo wako, anaona karatasi. Na udongo unaogopwa kuliko kitu chochote. Una vidudu ambavyo macho hayavioni."

"Sasa tufanye nini?" niliuliza. "Mvua hazitungoji."

"Anzeni na wifi yako. Yeye ndiye anayepokea, basi yeye aombe kibali cha kuingiza miche katika nchi yake. Kibali kitasema wanataka iweje. Ninyi mtampelekea mkaguzi wa mimea wa huku kile kibali, aje akague kitalu na kutoa cheti cha afya. Mtachukua pia cheti cha asili, cha kuonyesha miche imekuzwa hapa. Vyote viwe mkononi kabla punda hajainua mguu. Na kila mpaka una masharti yake, kwa hiyo ulizeni ofisini. Msiulize sokoni."

Tulishusha miche. Wifi yangu aliomba kibali siku ile ile. Kilipotoka kilisema: mizizi mitupu, bila udongo.

Mkaguzi alikuja, dada mmoja mwembamba mwenye viatu vya mpira. Alipita mstari kwa mstari, na nyuma yake mume wangu, kama wamo ndani ya ndoto moja. Alichota udongo kwenye mifuko. Kisha akasimama mlangoni, akayaangalia majani ya mchungwa wa mama mkwe.

"Huu unachakaa," alisema.

"Ni uzee," mume wangu alijibu.

Mkaguzi akachota udongo wa pale pia.

Majibu yalichukua siku sita. Nilizihesabu kwa mvua. Siku ya saba mkaguzi alirudi, akakaa nasi kibarazani.

"Miche yenu ni safi," alisema. "Kule kukaanga udongo kumewasaidia. Cheti mtapata." Akageuka kuutazama mchungwa. "Ila udongo wa mlangoni una minyoo midogo sana. Inakula mizizi polepole. Mti hugeuka manjano, halafu hukauka."

Mume wangu aliweka kikombe chini. Najua alichokuwa anakiona, maana nami nilikuwa nakiona. Vitambaa vyote vile. Mwaka baada ya mwaka, kwa mikono yangu.

"Miti ya dada yangu," alisema. "Ni sisi?"

"Siwezi kusema bila kupima kule," mkaguzi alijibu. "Minyoo ina njia nyingi. Lakini udongo ule usitoke tena hapa."

Nililia, sioni haya kusema. Nilifikiria kijito. Kama Mama Mihuri asingekaa juu ya mkokoteni, ningekuwa nimempelekea wifi yangu mafungu mia mbili ya ugonjwa, kwenye ardhi mpya, na ningeona nimemfanyia wema.

Siku ya kusafirisha tuliosha mizizi. Tuliweka mabeseni kitaluni, ukungu ukatuzunguka tusione hata nyumba. Mume wangu alishika mche mmoja mmoja kama anayemwogesha mtoto mchanga. Mizizi ilielea majini, myeupe. Tuliizungushia maranda yenye unyevu, tukafunga kwa nailoni, tukaondoka mapema.

Afisa alisoma kibali, akasoma cheti cha afya, akasoma cheti cha asili. Akafungua furushi moja, akatazama mizizi, akalifunga. Akagonga muhuri. Ule mti wa mpaka ukainuka.

Wifi yangu alikuja mbio. Tulienda moja kwa moja shambani, na mvua ya rasharasha ikitunyeshea. Alipochukua mche wa kwanza alinyoosha kiganja kwa kaka yake, kama kawaida.

"Udongo wa mama?"

Mume wangu alimweleza yote: mkaguzi, minyoo, miti iliyokauka. Hakujitetea. Wifi alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa bado wazi. Kisha akainama, akachota udongo wa shimo lake mwenyewe, akautia kiganjani mwa kaka yake.

"Basi tia huu," alisema. "Mche ndio uzoee. Mimi pia nilikuja hapa mgeni."

Mimi nilikuwa nimekuja na vile vitambaa, mia mbili, nimevichemsha na kuvianika juani. Tulivitumia kufungia miche kwenye vijiti isiangushwe na upepo. Hakuna hata kimoja kilichobaki.

Huu ni mwaka wa tatu. Kipande kile bado ni cha wifi yangu, na miche imempita kimo. Faili la vyeti nalishika mimi, yule yule wa kijitoni, na majirani huja kuniuliza waanzie wapi. Nawaambia: anza na anayepokea.

Wiki iliyopita upepo wa asubuhi ulituletea harufu ya maua ya michungwa kutoka ng'ambo. Mama Mihuri alikuwa kwetu akinywa chai.

"Na hii imepitaje?" alisema. "Sijaona kibali chake."

Mume wangu alikuwa akimwagilia. Aliweka ndoo chini, akafumba macho.

"Uliniuliza siku ile ya ndoto," aliniambia. "Imefika."