Anayegonga Nyuma

Salima, rafiki yangu anayeshona nguo pale Gitega, hapandi tena chombo chochote cha majini. Ukimwuliza sababu, anakusimulia hivi.

Alikwenda na mumewe Sudi kutazama viboko katika mto Ruvubu, upande wa Muyinga. Kila mtu alikuwa na kayaki yake, vile vitumbwi vyembamba vya mtu mmoja. Kiongozi wao, Kasiano, mtu wa Butihinda aliyekulia Tanzania, alitangulia.

"Ndani ya mafunjo, haya matete marefu mbele yetu, njia ni nyembamba, ni giza na hamtaweza kugeuka," aliwaambia. "Wa mwisho awe anagonga kayaki kwa kasia, tujue yupo."

Wa mwisho alikuwa Sudi. Wakaingia. Ko, ko. Ko, ko. Ghafla kimya. Salima akaita mpaka koo likamkauka, ndipo Sudi akaangua kicheko huko nyuma.

"We unaogopa nini? Mi niko!"

Mbele kidogo akanyamaza tena. Maji yakatikisika kwa nguvu. "Salima!" aliita mara moja tu, kwa sauti nyembamba.

Kasiano akaacha kupiga kasia. "Mama, tumngoje?"

"Mwache," Salima akasema. "Leo akose wa kumcheka."

Wakaendelea. Baada ya muda ile sauti ikarudi, taratibu. Ko, ko. Salima akatabasamu gizani.

Walipofika kwenye mwanga waligeuka. Kayaki ya Sudi ilitoka mafunjoni polepole, tupu, kasia limelala ndani.

Ko, ko.

Safari hii ilitoka chini ya kayaki ya Salima.