Vitabu Vilivyosubiri Karanga

Kila jioni, akishateka maji na kuwafungia kuku, Tekla aliketi barazani na kufungua kitabu chake cha bahari. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Kijiji chao cha ujamaa kilikuwa huko ndani, upande wa Goweko, kando ya njia ya zamani ya misafara, na maji mengi aliyoyajua ni ya lambo. Lakini akisoma kidogo tu, mashamba ya tumbaku yalianza kuyumba mbele yake yakawa mawimbi. Wapagazi wa zamani wakapita taratibu na mizigo yao, wakielekea pwani, naye yumo katikati yao. Mama yake, Apolinaria, alimwita hata akachoka.

Kitabu kile kilikuwa cha maktaba ya kijiji. Serikali ilileta vitabu kwa treni, ndani ya masanduku, ili watu waliohitimu kisomo cha watu wazima wasisahau kusoma. Ikamleta na Bi Kuluthumu kutoka Tabora mjini avitunze. Mama huyo hakuwa mtu wa kukaa kitini. Alipita hata mashambani, kitabu kwapani, akimsomea huyu habari za mbolea na yule habari za malaria.

Sasa hapo ndipo watu wetu walipojichanganya, tena kwa adabu zao nzuri kabisa. Kwetu jirani akikuletea mboga, humrudishii bakuli tupu. Unatia chochote, hata karanga za kiganja. Kitabu nacho si kitu cha watu? Kitarudije hivihivi? Mwaka ule mvua zilichelewa na ghalani hamkuwa na kitu, basi kila mtu akakiweka kitabu chake ndani, akisubiri karanga zikomae. Wakimwona Bi Kuluthumu anakuja, wanapinda njia kwa aibu. Tekla alikuwa amekimaliza chake zamani, akakirudia, akakirudia tena.

Siku moja alipotoka shule alipitia maktaba. Rafu zilikuwa tupu, na Bi Kuluthumu alikuwa akifunga sanduku lake la nguo. Alimweleza Tekla kwamba ofisa atakuja kesho kutoka mjini. Vitabu havirudi, na vijiji vingine vinavitaka, kwa hiyo maktaba itafungwa na yeye atahamishiwa Kaliua.

“Labda kazi imenishinda, mwanangu,” alisema. “Ningekuwa naiweza, watu wasingenikimbia.”

Tekla aliumia sana. Sababu aliijua, lakini kuisema ni kuanika njaa ya nyumbani kwao. Alisimama pale kama aliye ndotoni, kisha akakimbia nyumbani, akarudi na kitabu, akakitoa kwa mikono miwili.

“Nisamehe, Bi Kuluthumu. Nimekileta kitupu, nyumbani hatuna karanga. Watu hawakukimbii, wanaona haya. Wote wanasubiri mavuno.”

Bi Kuluthumu alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Wakaenda pamoja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Lugembe, ambaye kumbe naye alikuwa na kitabu uvunguni. Mzee akaita mkutano. Bi Kuluthumu akawaambia watu kwamba kitabu cha maktaba hakidai kitu, na anayeona vibaya kukirudisha mikono mitupu amsimulie tu alichosoma.

Kesho yake ofisa alikuta foleni imefika barabarani. Mama mmoja wa kijijini, Paskazia, alieleza jinsi ya kuchemsha maji ya kunywa. Mfugaji mmoja, Mzee Luhende, alisimulia ugonjwa wa kuku kwa vitendo, akaanguka chini na kutikisa mabawa, watu wakashika mbavu. Ofisa aliketi kusikiliza, na jua likamzamia palepale. Alipoondoka aliahidi kuleta sanduku jingine, na Bi Kuluthumu akafungua lake, akatoa nguo zake.

Akamwita Tekla. “Nilikuwa naondoka nikidhani hamnitaki,” alimwambia, “na ninyi mlikuwa mnanipa heshima. Msilolijua, njooni mniulize. Na ukweli usemeni mapema, hata kama unaonyesha kwamba hamna kitu. Serikali imeleta vitabu na imenileta mimi, lakini msipokuja, hapa ni chumba tu na mwanamke amekaa peke yake.”