Sindano Moja kwa Ng'ombe Watano

Nilifika kwa shangazi jua likizama, nimebeba boksi langu la dawa za mifugo na darubini. Alikuwa na ng'ombe watano wa maziwa. Watatu wameshazikwa ndani ya wiki moja. Maziwa hayo ndiyo yaliyomlisha tangu mumewe afariki.

"Hawa wawili wakienda, na mimi nimekwisha," aliniambia, bila hata kunikaribisha kiti.

Nikamfunua midomo yule ng'ombe mwekundu. Ufizi mweupe kama karatasi. Nikamtoboa sikio, nikapaka tone la damu kwenye kioo, nikarudi barazani kuinamia darubini. Lahaula! Vidudu vya damu vilijaa tele, nukta nyeusi karibu kwenye kila chembe ya damu. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Shangazi akanishika mkono.

"Leo umebadilisha sindano?" alinong'ona.

"Kwani vipi, shangazi?"

"Jana jioni ulipita hapa bila salamu, na koti lako hilo hilo. Ukawachoma wote wawili kwa sindano moja. Nikakuita... hukugeuka."

Jana sikuja. Jana nilikuwa kitandani na homa.

Mimi mambo ya uchawi huwa nayacheka. Lakini hiyo sindano moja naijua. Mwezi uliopita, siku ya chanjo, sindano ziliniishia, ikabaki moja tu. Nikaona uvivu kurudi mjini, nikawachoma wote watano kwa ile ile, damu ya mmoja ikaingia kwa mwenzake. Shangazi alikuwa jikoni. Hakuna aliyeniona.

Hakuna.

"Mficha maradhi..." alianza shangazi.

Bandani pakasikika tk... Kifuniko cha bomba kinafunguliwa. Halafu harufu ya spiriti.

Tukakimbia na tochi. Hapakuwa na mtu. Mwekundu alikuwa chini, anahema. Mweusi naye akapiga magoti mbele yetu. Niliwachoma dawa, kila mmoja na sindano yake. Nilikuwa nimechelewa. Haikufika saa mbili usiku, wote wawili walikuwa wamekufa. Shangazi alikaa juu ya ndoo ya kukamulia akalia kwa sauti, na mimi nikashindwa hata kumwambia kosa ni langu.

Simu ikaita. Alikuwa jirani wa mtaa wa pili, mwenye ng'ombe kumi na wawili.

"Daktari, asante kwa kupita jioni hii kuwachoma ng'ombe wangu. Ila mbona hukunisalimia?"