Gari Jeusi la Rooble na Kiti cha Idil

Asubuhi ile nyumbani kwa Rooble, hapa Hargeisa, kulikuwa shwari. Mkewe Sagal alikuwa akipika lahoho, zile chapati zetu laini za asubuhi, na binti yao Idil, aliyepooza miguu tangu utotoni, alikuwa uani kwenye kiti chake cha magurudumu akiwafukuza mbuzi wasiingie jikoni. Kiti hicho kilichomelewa na fundi wa mtaani. Kilikuwa imara, ila hakikunjiki. Miaka yote Sagal ndiye aliyekisukuma hadi shuleni kwenye njia ya mawe, na sasa mgongo ulikuwa umemshinda. Ndiyo maana Rooble alikuwa anakwenda kutazama gari.

"Twende wote, Baba Idil," Sagal alimwambia. "Na kiti tukichukue, tukijaribu."

Rooble aliangua kicheko. "Nimeshanunua ngamia wangapi mimi? Ulimwona nani akienda mnadani na mke, mtoto na kiti?"

Akaenda peke yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ndugu zangu, wala si kwingine.

Kwa dalali Guled magari yalikuwa mengi na wanaume wa kuyatolea maoni walikuwa wengi zaidi. Rooble alilisogelea gari moja la kimo kirefu, lenye mlango mpana wa kusukuma ubavuni na rangi iliyobabuka. Guled akamuwahi.

"Hilo? Hilo la kubebea maziwa, bwana! Mtu wa ukoo wako aonekane humo? Njoo huku uone gari."

Akamwonyesha gari dogo jeusi lililong'aa mpaka Rooble akauona uso wake. Alilizunguka, akaligonga ubavu, akainama kukagua magurudumu, vile vile anavyomkagua ngamia. Injini ilikuwa nzima. Wanaume wakasifu, na sifa zikamlevya. Guled, aliyewahi kuwa dalali wa mifugo, akafunika mikono yao kwa shuka, wakapatana bei kwa kubanana vidole, kama ilivyo desturi ya mnada wa ngamia. Shuka ilipoondolewa, biashara ilikuwa imekwisha. Kwetu anayerudi nyuma baada ya hapo huchekwa mpaka na wajukuu wa watu.

Nyumbani alipokewa kwa vigelegele. Kisha Sagal akafungua buti. Kiti hakikuingia. Wakajaribu mlango wa nyuma, nao ukakataa.

"Tukifunge juu," Sagal akasema.

"Rangi itakwaruzika! Kiti kibaki, mtoto atakwenda. Shuleni si anakaa tu?"

Basi kila asubuhi Idil akawa anabebwa hadi kwenye dawati na kuachwa hapo. Wenzake walipotoka kucheza, yeye alibaki akitazama ukuta. Siku moja haja ilimbana, mwalimu hakuwepo, akajikojolea mbele ya darasa zima. Aliporudi nyumbani hakulia. Alisema tu, "Siendi tena."

Zikapita wiki, na hakwenda.

"Gari ulimnunulia nani, Rooble?" Sagal aliuliza. Hakumwita Baba Idil.

Rooble aliona aibu, na aibu hiyo ilimuuma kuliko kicheko chochote cha mnadani. Siku iliyofuata alikishika kile kiti, Idil akiwa juu yake, akakisukuma mwenyewe hadi kwa Guled. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukisukuma njia ndefu, na jasho lilimtoka.

"Nataka kubadilisha gari," alisema. "Hasara ni yangu."

"Ulishika vidole vyangu mbele ya watu!"

"Nilishika. Nilikosea."

Wanaume wakacheka hadi wakashika mbavu. "Leo kaja na mshauri!" mmoja akadakia.

Guled akakubali, maana hasara haikuwa yake, ila lile gari la mlango wa kusukuma lilikuwa limeshauzwa. Idil akapelekwa kwenye jingine, akapima mlango kwa mikono yake.

"Hapa kiti hakipiti, baba."

La pili nalo lilikuwa juu mno. Jua lilikuwa kali na vicheko havijakoma. Rooble alijifuta uso, akakigeuza kiti.

"Haya, mama. Twende lile pale."

FUNZO

Jamani, tunanunua vitu vya nyumbani kwa macho ya watu wa nje, kisha watu wa nyumbani ndio wanaoumia. Ukienda kutazama gari la familia, nenda na familia. Anza na yule asiyeweza kupanda peke yake. Likimfaa yeye, sisi wengine tutaingia.