Maelezo Sitini na Mawili

Saa tatu kasoro robo asubuhi, kikao cha mauzo kilipokwisha, binti muuzaji alichukua simu yake ya kazi kutoka kwenye kapu la mapokezi, akaifungua. Kati ya wateja wake sitini na wanne, maelezo ya sitini na wawili yalikuwa yamefutwa. Majina yapo, namba zipo, mitaa ipo. Yaliyotoweka ni yale yaliyoandikwa chini yake: huyu mkewe ndiye mwenye kauli, yule usimpigie kabla ya saa nne.

Meneja hakutaka kusikia lolote. Simu yako, kosa lako. Barua ya kumfukuza ingekuwa tayari saa sita mchana.

Mtunza stoo, shangazi yake binti, aliacha makopo yake ya rangi akapanda ghorofani. Jamani, mtoto wa kaka yake ndiye aliyekuwa akilisha nyumba nzima! Mwizi gani anaacha namba za wateja, anaondoka na tabia zao?

"Mtambo wa kumbukumbu unaonyesha nini?" alimuuliza fundi wa simu.

"Yamefutwa kuanzia saa mbili na dakika kumi hadi saa mbili na dakika thelathini na tano. Moja moja, na hayarudishiki."

Muda huo simu zote zilikuwa kapuni pale mapokezi, kama ilivyo desturi ya kikao. Na namba ya siri ilikuwa moja kwa zote, imebandikwa kwenye kapu lenyewe, maana meneja alichoshwa na wanaosahau. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ukimtoa yeye aliyekuwa stoo, wawili tu hawakuwa kikaoni: fundi, na muuzaji mkongwe aliyeitwa Kiguu na Njia, ambaye alichelewa. Huyu alikuwa akimkabidhi binti wateja wake, kwa ahadi ya meneja kwamba atapewa kazi ya kufundisha wauzaji wapya.

"Ni wewe?" mtunza stoo alimbana fundi.

"Mama, mimi ningefuta yote kwa kubonyeza mara moja. Dakika ishirini na tano za nini?"

Kweli. Aliyefuta moja moja alikuwa akisoma na kuchagua. Fikra hiyo ilimkata maini mtunza stoo, kwani aliyebaki ni Kiguu na Njia, yule aliyemtafutia kazi ya stoo. Akamrudia binti.

"Mawili yaliyobaki ni ya nani?"

"Ya maduka niliyoyapata mwenyewe wiki jana, shangazi."

Saa tano na nusu mtunza stoo aliwakusanya wote ofisini kwa meneja.

"Baba," akamwambia mkongwe, "yaliyofutwa yote yalitoka kinywani mwako. Yasiyo yako hukuyagusa."

Kiguu na Njia hakukana. "Miaka ishirini na sita nimekula vumbi kuyapata. Jana nilipomaliza kumtajia la mwisho, meneja akachukua simu yangu, akaniambia hakuna kazi ya kufundisha, niende nikapumzike nyumbani."

"Kila kitu kilikuwa tayari kwenye simu, mzee," meneja alisema akiinamia meza. "Ningekuweka kwa kazi gani?"

"Na mimi, babu?" binti aliuliza. "Mimi ndiye nafukuzwa."

Mzee alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Sikukufikiria wewe, mjukuu wangu. Niliifikiria simu."

Meneja akachana barua, kisha akamsihi mzee ayataje upya, binti aandike.

"Hapa mezani siyakumbuki," mzee alijibu. "Hunijia nikifika mlangoni kwa mtu." Akavaa kofia yake, akaanza kushuka ngazi.

Binti alibaki na simu mkononi. "Shangazi, nimfuate mpaka milangoni kwa wateja, niandike?"