Pete za Macinya

Kitu cha kwanza kwenda kombo kilikuwa harufu. Kinyesi cha mgonjwa wa macinya, yaani kuhara damu, kina uvundo wake, na Joselyne, mpimaji wa maabara moja ya afya mjini Kigali, alikuwa ameuzoea kama mchinjaji anavyozoea damu. Lakini asubuhi moja ya mwaka 1993, alipofungua kabati la joto kutazama visahani vya kuoteshea vijidudu, alipigwa puani na marashi ya waridi. Akainama, akanusa tena. Marashi yalitoka kwenye visahani vyenyewe, na chini ya marashi, kama maiti aliyechelewa kuzikwa, kulikuwa na harufu ya utumbo uliooza.

Alitoka nje akatapika kwenye maua.

"Mumeo yuko Bujumbura, na wewe unatapika asubuhi," Dogiteri Théoneste, mkuu wa maabara, alimtania. "Tumwandikie nini?"

"Njoo unuse, Dogiteri."

Théoneste alinusa, na utani ukamwisha.

Visahani vile vilikuwa vya wagonjwa wa Rwezamenyo, mtaa aliokaa Joselyne na mama mkwe wake, Bi Nyirahabimana, pamoja na binti yake wa pekee, Gaju, wa miaka minne. Macinya yalikuwa yakiingia nyumba hii, yakiruka ile, na hapakuwa na kidonge kilichoyatisha. Théoneste alikuwa ameweka juu ya vijidudu viduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Dawa ikiwa na nguvu, vijidudu hufa kuizunguka na kuacha uwazi. Hivi vilikuwa vimeota mpaka juu ya karatasi, vikitelezateleza kama makamasi.

Ndipo Théoneste alipoamua kuvifuata kwa nasaba yao. Ndani ya kijidudu, alimweleza Joselyne, mna vipete vidogo vya urithi ambavyo hubeba siri ya kuishinda dawa. Ukivitoa na kuvisukuma kwa umeme ndani ya ute mgumu, hujipanga mistari, na chini ya taa ya zambarau mistari ile huwaka. Vijidudu vya ukoo mmoja huonyesha mistari ya ukoo mmoja.

Adhuhuri walifunga mapazia, wakawasha taa ya zambarau. Nyumba zote zilionyesha mistari ileile, ila kila nyumba iliongeza mmoja. Kwa Gratien, mshona viatu, iliwaka miwili. Kwa Scovia, muuza mkaa, mitatu. Kwa Médiatrice, jirani wa ukuta mmoja na Joselyne, ambaye alikuwa amemzika mwanawe majuzi tu, minne.

"Ni mmoja huyu," Théoneste alisema polepole. "Ametoka kwa Gratien, akaenda kwa Scovia, akaenda kwa Médiatrice. Kila nyumba wamempiga kwa kidonge cha dukani, wakaacha katikati, naye akaondoka na kipete kipya."

"Anatembea kwa njia gani? Hawa hawachoti maji pamoja wala hawali pamoja."

"Hilo ndilo sijui. Usimwambie mtu kwanza."

Jioni Joselyne alipofika nyumbani alimkuta Gaju amekalishwa juu ya beseni, kichwa kimelegea begani kwa bibi yake. Kilichokuwa kikimtoka hakikuwa kinyesi tena. Kilikuwa ute wa rangi ya usaha wenye nyuzi za damu, ambao haukudondoka bali ulishuka ukivutika, nao nzi waliokuwa wametua humo hawakuweza kuruka. Chumba kizima kilinukia waridi.

"Tangu mchana iko anatoka tu," Bi Nyirahabimana alinong'ona. "Nimemwita Mwalimu."

"Mama, tumpeleke kwa Dogiteri."

"Dogiteri alimpa mtoto wa Médiatrice vidonge. Mtoto iko wapi leo? Mwalimu alimnywesha Gaju kombe juzi, homa ikashuka. Leo atamaliza kazi."

Mwalimu Niyonzima aliingia kabla ya adhana ya magharibi. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, asiyepokea malipo, aliyewafundisha Kurani nusu ya watu wa mtaa. Mganga wa makombe huandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akaziosha kwa marashi na maji, mgonjwa akanywa. Lakini mgonjwa wa tumbo hamalizi, naye Mwalimu hakukubali hata tone la maneno ya Mungu limwagwe penye uchafu. Basi kila mabaki aliyarudisha katika chupa pana ya kioo, urithi wa babu yake aliyekuja na wafanyabiashara kutoka pwani, na kombe la kesho akaliongeza juu ya la jana.

Aliiweka chupa sakafuni, akamshika Gaju utosini, akaanza kusoma.

Tumbo la mtoto likaguna. Haikuwa sauti ya njaa wala ya gesi, bali ya kitu kizito kilicholowa kinachoburutwa polepole kutoka chumba kimoja hadi kingine, kikisimama, kikisikiliza, kikiendelea.

"Wewe nani?" Mwalimu aliuliza.

"Mwenyeji," kinywa cha Gaju kilijibu.

Bi Nyirahabimana alijifunika uso kwa khanga. Gaju, kama watoto wote wa Rwezamenyo, alisema "kurara" akitaka kulala; sauti hii ilikuwa ya mtu mzima, na kila "l" ilikaa mahali pake kama ya mtu wa pwani.

"Umetokea wapi?"

"Kwa Médiatrice, hapo ukutani. Kabla yake nililala kwa Scovia. Kabla ya Scovia, kwa Gratien."

Mpangilio ule Joselyne alikuwa ameusoma adhuhuri kwa macho yake mwenyewe, chini ya taa ya zambarau, katika chumba kilichofungwa mapazia, na mtu mwingine pekee aliyeujua alikuwa bado maabara amevaa koti lake jeupe.

"Unataka nini kwa mtoto?" Mwalimu aliuliza.

"Majini wenzangu huomba pete ya fedha wakabembelezwa kwa ngoma. Mimi sijaomba. Kila nyumba imenivisha yake. Hapa bado."

"Nani anakubeba?" Joselyne aliuliza. Hakujua kama ameruhusiwa kuuliza.

Macho ya Gaju yaligeuka taratibu mpaka yakatua kwenye chupa. Midomo yake yenye povu ikatabasamu.

"Hunibeba anayenifukuza."

Joselyne aliinyakua chupa, akaielekeza kwenye mwanga wa dirishani, na humo ndani, katika maji ya manjano yaliyokuwa mazito kama uji uliolala, aliona nyuzi nyeupe zikijikunja na kujikunjua, na ukoko wa utelezi uliopanda kioo hadi shingoni, na mbawa za nzi, na kitu kama ngozi ya maziwa kikielea juu, kikivimba na kunywea, kikivimba na kunywea, kana kwamba kinapumua.

"Mwalimu," alisema, "Gratien ulimnywesha hii? Na Scovia? Na mtoto wa Médiatrice?"

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Nilikuwa nawanywesha dua, mwanangu."

"Uliwanywesha walichokitoa wenzao, kwa mikono yao na midomo yao. Naimwaga chooni."

"Maneno ya Mungu, chooni?" Bi Nyirahabimana alishtuka. "Huko si ndiko kwao majini?"

"Basi nayachemsha."

"Aya hazipikwi," Mwalimu alisema.

"Na mtoni huko chini watu wanachota. Tufanyeje, Mwalimu? Mtoto anakufa."

Mwalimu Niyonzima akaichukua chupa mikononi mwa Joselyne, kwa upole, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo.

"Basi liishie kwangu."

Akanywa. Joselyne alitaka kumzuia, lakini mikono yake haikuinuka. Koo la mzee lilipanda na kushuka. Kile kingozi cha juu kiligoma mdomoni, kikaning'inia kidevuni, naye akakivuta kwa ulimi na kukimeza. Alipomaliza alilamba shingo ya chupa, lisibaki neno. Gaju akashusha pumzi, akalala.

Théoneste alitafuta kila mahali akapata dawa mpya iliyoletwa na mwenzake kutoka ng'ambo, dawa pekee ambayo vijidudu vile vilikufa kuizunguka. Ilitosha watu wawili. Ya Gaju, Joselyne aliisimamia kidonge kwa kidonge mpaka cha mwisho, hata mtoto alipoanza kucheza na kukataa. Ya pili alipewa Mwalimu.

Gaju alipona. Mwalimu hakuugua hata siku moja. Alinawiri, mashavu yakajaa, na watu wakasema ndiyo baraka ya aya alizozimeza.

Kisha, mchana mmoja, Théoneste alimwita Joselyne kwenye chumba cha mapazia. Kilikuwa kinyesi cha Mwalimu. Mistari minne ya kwa Médiatrice ilikuwapo, na juu yake uliwaka wa tano, mnene kuliko yote. Katika kisahani, vijidudu vilikuwa vimeipanda karatasi ya dawa mpya.

"Hakumaliza dozi," Théoneste alisema. "Joselyne, hatuna nyingine."

Alimkuta Mwalimu barazani kwake akitoka chooni, akijipangusa vidole kwenye kanzu.

"Vidonge? Nilimeza viwili tu, nikajiona mzima," alisema akicheka. Pumzi yake ilikuwa waridi, na chini ya waridi ilikuwa ile nyingine. "Vilivyobaki nimewagawia majirani, kila mtu kimoja. Sadaka, Mama Gaju. Utafichaje dawa watu wanaumwa? Jioni nitapita nimpulizie mtoto dua."

Jioni ile Joselyne alitia komeo, akampakata Gaju, akamfunika kinywa kwa kiganja.

"Hodi," Mwalimu aliita nje.

"Mfungulie," Bi Nyirahabimana alinong'ona. "Ni mtu wetu."

"Mama, nakuomba. Usijibu."

"Hodi, wenyewe?"

Hatua zikasogea, zikasimama upande wa pili wa ukuta.

"Karibu, Mwalimu," walimsikia Médiatrice. "Chakula kiko tayari. Ngoja nikuletee maji unawe."

"Usisumbuke, mwanangu," alijibu. "Tumeshanawa."

Alikuwa amekuja peke yake.